Vitumbua vya Gesi kwenye Arobaini ya Mama

Goba, nyuma ya msikiti,
Kinondoni,
Dar es Salaam.
14 Novemba, 1994

Mpendwa kaka yangu Haroub,

Shikamoo, na assalaam aleikum kutoka huku kwetu kwenye vilima na vumbi. Kabla sijafungua mdomo kwa lolote, hujambo? Shemeji Mahfudha hajambo? Watoto wameshalizoea joto la Maskati, au bado wanaota mvua? Na yale magoti yako, ile dawa ya kupaka uliyoniandikia imekubali, au inanukia tu? Sie huku kwa jumla wazima. Shemeji yako Rukaiya mzima, ng'ombe wote watatu wazima, na mie ni mzima wa kuonekana. Nakula, naoga, nakwenda Mwenge, narudi. Ukinikuta njiani utasema Anwar ni yuleyule.

Barua yako aliyoileta Abdulrahman nimeipata. Nimeisoma mara tatu, si kwa sababu mwandiko wako ni mbaya, ingawa ni mbaya. Umeniuliza maneno mawili. La kwanza, kama ni kweli watu waliondoka bila kula siku ya kuanua tanga la mama yetu. La pili si swali, ni amri: nilifukie shimo la gesi kabla ya arobaini, maana habari imefika hadi huko kwamba nyumba ya Bi Salsabil inapika kwa mavi. Arobaini imepita juzi Jumamosi. Nikujibu basi, na leo sikufichi kitu.

La kwanza ni kweli. Hawakula.

Ili uelewe, lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu wewe ulipata habari nusunusu, na nusu yenyewe imepita kwenye midomo mingi. Wale watu wa mradi wa gesi ya samadi walipokuja Goba mwaka jana kutafuta nyumba ya mfano, walizunguka kote na watu wakawakatalia. Wengine walisema shimo litalipuka kama bomu. Mzee mmoja mstaafu aliwaambia uso kwa uso, "Wenzetu wanaletewa nguzo za umeme, sie mnatuletea mavi!" Walipofika kwangu nikawakaribisha chai. Unanijua, kaka. Mie nimekaa jikoni kwenye meli miaka tisa, nimeshuka Bombei, Karachi, Hamburg, nimeona majiko yanayojizima yenyewe kama yana akili. Elimu yangu ni darasa la sita na nusu, lakini jiko halinitishi. Nikawaambia chimbeni hapa, karibu na banda, na mkimaliza mniandikie jina langu ukutani.

Wakachimba. Fundi wao, Jamali, kijana wa Tanga, mcheshi, akajenga kuba la matofali chini ya ardhi, akatoa bomba hadi jikoni. Kazi yake ni rahisi: kila asubuhi unachanganya ndoo za samadi na ndoo za maji, unakoroga, unatoa majani, unamwagia shimoni. Gesi inapanda yenyewe. Haina harufu jikoni, wallahi, harufu iko bandani ambako ilikuwepo tangu zamani. Umeme wa mjini ulipoanza mgawo, Mwenge giza, Sinza giza, taa yangu ya gesi ilikuwa inawaka Goba ambako hata nguzo haijafika. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima. Nilikuwa navaa shati la kola kwenda kukoroga samadi.

Kitu kimoja tu Jamali alikosea. Koki ya jikoni, sijui aliipata wapi, imefungwa kinyume na koki zote za dunia hii. Ukiizungusha kwa akili ya kawaida haifunguki ng'o. Sharti uibonyeze kwanza kwa dole gumba, uirudishe nyuma kidogo, ndipo uizungushe kulia. Rukaiya ilimchukua miezi miwili kuijua. Jamali mwenyewe alikuja kukagua akahangaika nayo mpaka jasho likamtoka. Mie nilikuwa napatia leo, kesho nakosa. Mama peke yake hakukosea hata siku moja.

Mama alilipenda lile jiko, kaka. Sikukuandikia vya kutosha kuhusu hilo. Miaka yote ile ya vitumbua, tangu tuko wadogo, macho yake mekundu, kile kikohozi cha alfajiri kilichotuamsha kabla ya adhana, mie nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Wiki tatu za gesi, kikohozi kikakoma. Macho yakawa meupe. Nikamwambia, "Mama, umerudi msichana, nikutafutie mchumba?" Akanitupia mwiko. Kila asubuhi nikitoka bandani nilikuta vikombe viwili vimeoshwa vimefunikwa dirishani, nikasema bibi huyu sasa anakunywa chai mara mbili, raha imemzidi.

Sasa sikiliza ubaya wangu. Jioni moja niko kijiweni kwa muuza kahawa, kabla ya magharibi, baraza imejaa. Mmoja akaniuliza, "Anwar, hivi ng'ombe watatu wanatosha kuwasha moto nyumba nzima?" Nikamjibu, "Wapi! Hawatoshi. Ndiyo maana na sie tunachangia. Choo kimeungwa humo humo. Mgeni akija kwangu nampitisha chooni kwanza, ndipo nampa chai." Baraza ilicheka mpaka mtu akamwaga kahawa kwenye kanzu. Nikaondoka pale najiona mfalme.

Choo hakijaungwa, Haroub. Choo kiko upande wa pili wa nyumba, na shimo lake ni lile lile la zamani. Ilikuwa mzaha.

Asubuhi yake Mama aliuza vitumbua nusu ya beseni. Kesho yake robo. Wiki ya pili walikuja watoto wawili wa Filomena, yule jirani yetu Mmatengo, basi. Watu walikuwa wanapita ng'ambo ya pili ya njia, wanamsalimia Mama vizuri kabisa, "Shikamoo Bi Salsabil, umeamkaje," wanakwenda kununua mihogo. Hata Bi Hamisa, shoga yake wa tangu tulipohamia Goba, yule anayesimamia mapishi ya wanawake kwenye kila msiba, aliacha kununua. Akawa anapita na kanga imefunika uso.

Nilikwenda kwa Maalim Muhsin. Nikamweleza habari ya samadi, habari ya bomba, yote. Akafikiri, akasema moto haugusi chakula, kuna chuma cha sufuria katikati, hapana neno, kuleni. Nikamwambia aseme basi msikitini. Akasema Inshallah. Nikampelekea vitumbua sita kwenye sahani yenye kifuniko. Sahani ilirudi na vitumbua sita. Fatwa alitoa, tonge hakula.

Nilimwambia Mama arudie mkaa. Sikumwambia kwa nini. Akasema, "Mkaa utapika wewe. Mie moshi nimeshaula sehemu yangu." Akaendelea kupika kidogo kidogo kila siku, vya nyumbani. Hakunilaumu wala hakuniuliza. Sijui kama alijua mzaha ulitoka kwangu. Nadhani alijua. Goba si mji mkubwa.

Alipofariki ile Jumatatu, unajua ilivyokuwa, alilala baada ya adhuhuri na hakuamka. Lakini wasia alikuwa ameutoa zamani, mbele ya Rukaiya, anachambua mchele: "Siku ya hitma yangu msinipikie kwa moshi. Mkinipikia kwa moshi nitakohoa huko huko." Tukacheka siku ile.

Kwa hiyo siku ya kuanua tanga nikasimama jikoni kama nahodha. Nikasema hapa ni gesi tu, ndio wasia. Bi Hamisa alikuwa amekuja na wanawake wake, wana miko yao na visu vyao. Akaniangalia, akawaangalia wenzake. Mmoja nyuma akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "Mwenyewe alisema choo kimeungwa." Bi Hamisa akafunga kanga kiunoni upya, akasema, "Anwar mwanangu, sie tutapika kwa kuni, au hatupiki." Nikasema basi msipike. Wakatoka mmoja mmoja. Nikapika mie na Rukaiya, sufuria baada ya sufuria, maana jiko lina macho mawili tu. Tukapakua. Watu wakasoma dua vizuri sana, wakaitikia amina, wakapangusa nyuso, kisha kila mtu akawa ameshiba. Kila mtu, kaka! Sijapata kuona msiba wenye watu walioshiba namna ile. Wali ulipoa kwenye masinia. Filomena na wanawe walikula, akanirudishia masinia yameoshwa, juu kaweka kichane cha ndizi. Kilichobaki kililiwa na kuku.

Nilidhani ningelia siku ile. Sikulia. Hata makaburini sikulia, na mpaka leo sijalia. Sikuandikii hivi unionee huruma. Nakueleza tu hali ilivyo. Naamka, nakoroga samadi, natoa majani, namwaga. Mtu akinitania namjibu, na anacheka, na mie nasikia sauti yangu kama ya redio ya jirani. Rukaiya akaniuliza siku moja, "Unaumwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi lala." Nikalala.

Hapo ndipo barua yako ikaja. Nilichukua sepeto, nikaenda mpaka shimoni, nikakaa juu ya kuba. Nilikaa mpaka adhuhuri. Sikuchota hata sepeto moja. Si kwamba nilikataa amri yako. Mkono haukunyanyuka tu.

Rukaiya ndiye mwenye akili nyumba hii, nakiri kwa maandishi, mtunzie barua hii. Arobaini ilipokaribia alisema, "Pilau la watu mia jiko lile haliwezi hata kama wangependa. Waachie Bi Hamisa na wenzake wapike nje kwa kuni. Wewe mpikie mama yako kitu kimoja kwa gesi, na uwaambie watu ukweli. Anayetaka ale." Nikaona wasia nauvunja nusu na kuutimiza nusu. Nikakubali, maana sikuwa na nguvu ya kubishana.

Nikapika vitumbua. Mie mwenyewe, na kikaango chake kile chenye mashimo saba. Mwanamume aliyelisha mabaharia thelathini kwenye mawimbi ya bahari ya Biskei, kaka, nilishindwa na vitumbua. Vingine viliungua, vingine vilikuwa na sura ya masikio. Nikavipanga kwenye sinia lake la maua mekundu.

Baada ya hitma kusomwa na dua kwisha, pilau likapakuliwa, la kuni, linanukia moshi vizuri. Kabla watu hawajaanza nikasimama na sinia langu. Nikasema, "Jamaa zangu, pilau hilo ni la kuni, kuleni bila wasiwasi. Hivi hapa ni vitumbua vya gesi, alivyovipenda marehemu. Gesi yenyewe ni ya samadi ya ng'ombe watatu, mnawajua. Choo hakijaungwa. Hakijawahi kuungwa. Nilisema kijiweni kwa mzaha, na mzaha ule ulimfungia mama yangu biashara. Anayetaka kuhakikisha, aje nyuma nimwoneshe."

Unajua walifanya nini? Walicheka. Si wote, lakini walicheka. Mmoja akampiga mwenzake bega, "Anwar huyu! Hata kwenye arobaini ya mama yake!" Walidhani naanza mzaha mwingine. Miaka yote nimewachekesha, leo nasema kweli, wanasubiri mwisho uje wa kuchekesha. Nikabaki nimesimama na sinia. Sikuona aibu wala hasira. Niliona tu kwamba mikono imechoka.

Bi Hamisa akatokea upande wa wanawake. Akaja moja kwa moja, akachukua kitumbua kimoja, akakimega katikati, akakichungulia kama mkaguzi wa bandarini. Akala. Akatafuna taratibu, akameza, akasema:

"Kibichi katikati. Mama yako hakuwahi kunilisha kibichi."

Akaninyang'anya sinia, akaelekea jikoni. Nikamfuata, na Rukaiya nyuma yangu. Bakuli la unga lilikuwa bado na nusu. Bi Hamisa akaweka kikaango jikoni. Rukaiya akafungua mdomo amweleze, "Bi Hamisa, hiyo koki—"

Hakumaliza. Bi Hamisa alikuwa ameshabonyeza kwa dole gumba, kairudisha nyuma kidogo, kaizungusha kulia. Moto ukashika bila kelele, wa buluu. Hata hakuangalia mkono wake.

Koki ile, kaka, huwezi kuijua kwa kuelezwa. Ni ya kuzoea, asubuhi baada ya asubuhi.

Nikaangalia dirishani pale vinapofunikwaga vikombe. Mama hakuwa anakunywa chai mara mbili. Bi Hamisa alikuwa anakuja, bila shaka kwa kile kinjia cha migombani, watu wakiwa bado wanatoka msikitini. Miezi yote ile anapita mbele na kanga usoni, na nyuma anakaa jikoni kwetu anakula vitumbua. Na siku ya kuanua tanga, mbele ya wanawake wake, hakuweza kusema.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Mie Anwar, ambaye sijawahi kukosa neno bandari yoyote! Sikumwambia hata moja. Nadhani na yeye alikuwa anayangoja, maana alisema bila kugeuka, "Usinikodolee macho. Lete sahani. Na moto usivuke hapa, mama yako aliuwekaga hapa." Akanionesha kwa kidole. Kisha akajipangusa uso kwa pembe ya kanga, na moshi humo jikoni haukuwepo.

Akamaliza bakuli. Akatoka navyo mwenyewe, akawapitishia wanawake kwanza, anasema, "Chukua. Chukua, nakwambia, mie nimekula tangu mwaka jana na sijafa." Wanawake wengine walichukua. Wengine walisema wameshiba pilau. Kwa wanaume sikuhesabu, lakini Maalim Muhsin alichukua kimoja, akakishika muda mrefu sana, kisha akakila, na hakufa na yeye. Wengi hawakula, Haroub. Nisikupambie. Goba haijageuka. Yule mstaafu aliondoka anasema anangoja nguzo. Lakini hitma ya mama yetu imeliwa, na sehemu yake imepikwa bila moshi.

Mie nilipewa cha mwisho, kutoka kikaangoni. Nilikitia mdomoni kama kilivyo, sikukipuliza. Kiliniunguza ulimi mpaka machozi yakanitoka. Nikakaa nacho hivyo hivyo, sikukitema. Mpaka leo ulimi una lengelenge, na kila nikinywa chai nalisikia. Ni kitu cha kwanza ninachokisikia tangu mwezi wa kumi.

Sasa jibu la amri yako. Wewe ni mkubwa wangu, na tangu Baba afariki neno lako nimelishika kama lake. Hili sitalishika. Shimo silifukii. Leo asubuhi nilipotoka bandani nilimkuta Bi Hamisa jikoni, na safari hii kaingia kwa mlango wa mbele, kaacha ndala zake kibarazani ambako kila mpita njia anaziona. Ndala za kijani, kubwa. Dirishani kulikuwa na vikombe viwili, nikachukua kimoja nikajimiminia. Ukikasirika, kasirika na mie, lakini uje ukasirikie huku huku, nitakufungulia koki uone.

Nisalimie shemeji Mahfudha sana, mwambie ile kanga ya Mama aliyoiomba Rukaiya ameifua na kuiweka, itakuja kwa mkono wa Abdulrahman. Wasalimie watoto mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie ami yake ana ng'ombe anayeitwa kwa jina lake, asiudhike, ni ng'ombe mzuri. Rukaiya anakusalimu, Filomena anakusalimu, Bi Hamisa anasema umjibu yeye zile salamu za Mama, kwa sababu siku zile za mwisho aliyekuwa anamwandikia Mama barua zake kwako ni yeye. Hilo nalo nimelijua jana.

Mungu amlaze mama yetu mahali pasipo moshi, akupe wewe afya na magoti, atukutanishe sote tungali na meno ya kutafunia.

Ni mie mdogo wako, nikupendaye hata nikikukatalia,

Anwar